Unga Tunanunua, Balozi Hatupeleki

Hotuba kwa wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, Dodoma

Mbukwenyi!

Asanteni kwa kuitika. Viongozi wa chuo, walimu wenzangu, wanangu: nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na tangu hapo sijasimama mbele ya darasa kubwa kama hili. Mwalimu wenu aliniomba nizungumzie nchi ndogo zisizo na bahari na majirani wanaozisumbua. Nikamjibu kwamba nitachukua nchi moja, Botswana, na jirani mmoja, Afrika Kusini ya makaburu. Akashangaa. Mbona Botswana, wakati malori ya Kigali na Bujumbura yanapita hapa nje usiku na mchana? Hayo malori nitayafikia. Ila Botswana niliijua mapema kuliko Burundi. Niliijua nikiwa mtoto, Kongwa, pembeni ya vibuyu vya maziwa vya mama yangu.

Wengi wenu mmepita njia panda ya Kongwa mkienda Morogoro bila kugeuza shingo. Waingereza walifika pale 1947 na mpango wao wa karanga. Walifyeka nyika, wakaleta matrekta, wakajenga reli na nyumba. Mvua ikawagomea, udongo ukakauka ukawa kama sakafu, na ilipofika 1951 wakafunga virago. Majengo yakabaki na popo. Mwaka 1964 serikali yetu, pamoja na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakayapa kazi nyingine: kambi ya wapigania uhuru. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola.

Mama yangu aliuza maziwa ya mgando, na baadhi ya wateja wake walikuwa vijana hao. Siku moja sisi watoto tulimzunguka mmoja wao, Kiswahili chake bado cha kuunga unga, tukamuuliza kwao ni wapi na amefikaje kwetu. Akachuchumaa akachora mavumbini kwa kijiti. Akaweka alama ya kwao, chini kabisa. Juu yake akachora duara kubwa tupu. Juu ya duara akapitisha mto, na kutoka mtoni akavuta mstari mrefu mpaka kwenye vidole vya miguu yetu. Tukamuuliza lile duara tupu ni nini. Akasema Bechuanaland, na kwamba alilivuka usiku.

Nilipokuwa mwalimu nilikuja kugundua ni wangapi walilivuka duara lile. Sam Nujoma alipitia huko 1960 akitoka Namibia kuja Tanganyika. Nelson Mandela, Januari 1962, alitoka Afrika Kusini kwa siri akaingia Lobatse, akarushwa kwa ndege ndogo hadi Kasane, kisha Mbeya, kisha Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Samora Machel naye alitorokea huko 1963, akapata nafasi kwenye ndege iliyokuwa inawaleta vijana wa ANC Tanganyika. Watu watatu waliokuja kuwa marais, wote kwa njia moja. Wakati huo Bechuanaland ilikuwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo makaburu wakikasirika, wanakasirikiana na London. Tarehe 30 Septemba 1966 nchi ile ikawa huru, ikaitwa Botswana. Kuanzia siku hiyo, kila nyayo iliyoonekana kwenye mchanga wa mpakani ilikuwa ya kujibiwa na Gaborone.

Sasa mtazameni aliyetakiwa kujibu.

Sisi wa Dodoma tunajua habari za kuhamisha makao makuu. TANU iliamua 1973, na vumbi la ujenzi tunalifuta kwenye madirisha hadi leo. Lakini fikirini nchi ambayo makao makuu yake yako nje ya nchi yenyewe. Bechuanaland ilitawaliwa kutoka Mafeking, mji ulio ndani ya Afrika Kusini. Gaborone ilianza kujengwa 1964, ofisi zikahamia 1965, mwaka mmoja tu kabla ya bendera kupanda. Barabara ya lami nchi nzima ilikuwa kama kilomita 12, na nchi yenyewe ni kubwa kuliko Ufaransa. Reli ilikuwepo, lakini ni mali ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na ilibaki mikononi mwa watu wa upande ule hadi 1987. Pesa ilikuwa randi ya Afrika Kusini. Ushuru wa forodha ulikusanywa na Afrika Kusini kwa umoja wa forodha ulioanzishwa tangu 1910, kisha Botswana ikapewa mgawo wake. Mafuta ya gari, sukari, unga, vyote vinatoka kusini. Vijana wenye nguvu wako migodini Johannesburg, na mishahara yao ndiyo inayolisha vijiji. Juu ya yote hayo, uhuru uliwakuta katikati ya ukame mkali.

Na majirani? Kusini makaburu. Magharibi Namibia, inayokaliwa na makaburu hao hao. Mashariki Rhodesia ya Ian Smith, aliyejitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965. Kaskazini kuna uzi mmoja, Kazungula, ambapo Botswana inagusana na Zambia kwa upana usiofika hata urefu wa viwanja viwili vya mpira.

Mwaka 1976 walipoanzisha pesa yao wenyewe waliiita pula. Pula ni mvua. Ni salamu pia, na ni neno wanalopaza mikutanoni badala ya hoyee yetu. Nikiwaeleza wanafunzi wa Dodoma thamani ya neno hilo nitakuwa nawadharau, kwa hiyo naendelea.

Aliyeongoza nchi hiyo ni Seretse Khama. Alikuwa mrithi wa kiti cha utemi wa Bangwato, akaenda kusoma Uingereza, na 1948 akamuoa Ruth Williams, Mwingereza, mzungu. Serikali ya Pretoria, iliyokuwa inapiga marufuku ndoa za namna hiyo kwake, iliona jambo hilo likifanyika mlangoni pake kama tusi. Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Ikamfukuza Seretse nchini kwake kwa sababu ya mke wake. Alirudi 1956 kwa sharti la kuachia kiti cha utemi. Sasa niambieni, wanangu, kama kuna kiongozi aliyekuwa na haki ya kumchukia jirani kwa jambo la chumbani kwake mwenyewe, si huyu? Na akapewa nchi ambayo jirani huyo ameushika mfuko wa unga.

Nimesoma sana jinsi alivyoishi na mtu yule, na ninachowaomba mkione ni kwamba Seretse alichagua kwa makini sana neno la kukataa. Hakukataa kila kitu, kwa sababu angeua watu wake kwa njaa. Alichokataa alikikataa kabisa, na hakukibadilisha kwa bei yoyote.

Chukueni habari ya balozi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waziri Mkuu wa makaburu, John Vorster, alikuwa anatafuta marafiki Weusi. Alitaka picha: balozi Mwafrika anakabidhi hati Pretoria, dunia ione kwamba ubaguzi si tatizo. Botswana ilikuwa na kila sababu ya kumpa. Walikuwa wanauziana, wizara zinapigiana simu, wataalamu wa mifugo na maji wanakutana, na mkataba wa forodha waliujadili upya wakausaini 1969. Lakini balozi, hapana. Na Seretse hakujificha nyuma ya hotuba za jumla. Alisema mbele ya dunia kwamba hatazungumzia kubadilishana mabalozi mpaka Afrika Kusini ihakikishe kwamba mwakilishi wa Botswana, mahali popote na saa yoyote, atatendewa sawa na mwanadiplomasia wa nchi nyingine.

Lisikilizeni sharti hilo kwa makini. Ukiliangalia juu juu ni ombi la kawaida la kiprotokali, nchi yoyote inaweza kuliomba. Lakini Pretoria haikuweza kulitimiza bila kuvunja sheria zake yenyewe. Balozi huyo Mweusi atapanga nyumba mtaa gani? Mkewe ataingilia mlango gani wa posta? Watoto watasoma shule ipi? Kila jibu la haki lilikuwa linabomoa tofali la ubaguzi. Seretse hakumtukana jirani hata kidogo. Alimwomba tu kitu ambacho jirani asingeweza kukitoa akabaki alivyo. Nimefundisha diplomasia ya Wazungu wakubwa, ya Bismarck na wenzake, na bado naona sharti hili ni kazi ya fundi kuliko nyingi za kwao.

Halafu kuna habari ya silaha, na hapa ndipo nilipokuwa na ugomvi na Botswana kwa miaka mingi. Seretse alitangaza: mkimbizi atapokelewa, lakini ardhi ya Botswana haitakuwa kambi ya kushambulia jirani. Sisi tuliokulia Kongwa, tuliozoea kuona bunduki zikipita kwa heshima, tuliliona neno hilo ni la mtu mwoga. Kaka yangu alikuwa akiwaita vibaraka. Nami niliwahi kulisema hilo darasani, na leo nalirudisha.

Kilichonibadilisha ni kisa cha Chris Hani. Hani alikuwa Kongwa, katika kambi ya ANC. Mwaka 1967 aliingia Rhodesia na kikosi cha ANC na ZAPU kwa kuvuka Zambezi. Wakapigana huko Wankie, wakazidiwa, chakula na risasi vikaisha, na yeye na wenzake wakavuka kuingia Botswana. Botswana iliwakamata. Iliwanyang'anya silaha, ikawapeleka mahakamani kwa kosa la kuingia na silaha, ikawafunga. Kaka yangu aliposikia alitema mate chini.

Lakini endeleeni na kisa. Makaburu waliwataka watu hao kuliko kitu chochote. Botswana wakati huo haikuwa na jeshi kabisa, ilikuwa na polisi tu, na jeshi lao liliundwa 1977, miaka kumi na mmoja baada ya uhuru. Kuwakabidhi ilikuwa safari fupi ya gari. Hawakukabidhiwa. Hani alikaa gerezani kama miaka miwili, kisha akapelekwa Zambia, kwa wenzake, akaendelea na kazi. Gereza lile lilimwambia Pretoria kwamba sheria ya Botswana imefuatwa, na hapo hapo likamficha Hani asiguswe na Pretoria. Sisemi kwamba lilikuwa gereza la starehe. Hani mwenyewe na wenzake walikuwa na uchungu wao. Ninachosema ni kwamba aliyefungwa Gaborone alitoka hai, na aliyekabidhiwa kwa makaburu hakuwa na uhakika huo.

Walikuwepo waliochagua njia nyingine. Kamuzu Banda wa Malawi, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, alikubali uhusiano kamili wa kibalozi na Pretoria 1967. Vorster akatembelea Malawi 1970, Banda akaenda Afrika Kusini 1971. Mkopo wa makaburu ukasaidia kujenga Lilongwe, makao makuu mapya. Na Malawi hata haipakani na Afrika Kusini! Msumbiji yote iko katikati. Banda alisema waziwazi kwamba njaa ya watu wake haingojei ukombozi wa bara, na sitawadanganya kwamba hoja hiyo haina uzito. Lilongwe ipo, watu wanaishi humo. Ila alitoa ile picha ambayo Seretse aliikataa, na mwenye shida kubwa zaidi kati yao alikuwa Seretse.

Lesotho ni kisa kinachoniuma. Nchi imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, kama kiini ndani ya yai. Waziri Mkuu Leabua Jonathan alianza akiwa karibu na makaburu. Alipokea mahindi yao ya msaada 1965, akaenda kuonana na Verwoerd, Waziri Mkuu wa makaburu kabla ya Vorster, mwaka uliofuata, siku chache kabla Verwoerd hajauawa. Baadaye akageuka kabisa, akawa anawapinga kwa sauti kuliko wote, akapokea wakimbizi wa ANC, akafungua uhusiano na nchi za kikomunisti. Tarehe 9 Desemba 1982 makomando waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, wakimbizi na raia wa Lesotho wamelala vitandani. Januari 1986 mpaka ukafungwa, mafuta na chakula vikakwama. Haikuchukua hata wiki tatu. Tarehe 20 Januari jeshi la Lesotho lilimpindua Jonathan, na wakimbizi wa ANC wakaanza kusafirishwa nje ya nchi. Oktoba mwaka huo huo mkataba mkubwa wa maji ya milima ya Lesotho kwenda Johannesburg ukasainiwa, mkataba uliokuwa umejadiliwa kwa miaka mingi. Siku kumi na tisa za mpaka kufungwa! Kila ninapowasikia watu wanasema nchi fulani ndogo haina msimamo, nakumbuka hizo siku kumi na tisa.

Botswana haikuwa kiini ndani ya yai kwa sababu ya ule uzi wa Kazungula. Niruhusuni nikae hapo kidogo, maana ndipo mstari wa yule kijana wa kijiti ulipovuka mto.

Pale Zambezi inakutana na mto Chobe, na nchi nne zinakaribia kugusana: Botswana, Zambia, Zimbabwe na Namibia. Kulikuwa na pantoni. Mwaka 1970, Botswana ilipotaka kujenga barabara kwenda huko na kufikiria daraja, Pretoria ilileta barua ya kupinga, ikidai kwamba Botswana na Zambia hazina mpaka wa pamoja. Fikirini ujasiri wa kumwandikia mtu kwamba mlango wa nyuma wa nyumba yake haupo! Seretse hakujibizana kuhusu ramani kwa muda mrefu. Alitafuta fedha, Marekani ikasaidia, na barabara kutoka Nata kwenda Kazungula ikajengwa katika miaka ya 1970. Pantoni ikaendelea kuvusha. Ukishavuka, unakwenda Livingstone, Lusaka, Tunduma, Mbeya, na kwa ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya zamani unapanda Iringa mpaka hapa Dodoma, kisha Kondoa na Arusha. Ukiifuata kusini njia inayopita katikati ya mji huu, unaweza kufika kwenye pantoni ile.

Na ililipiwa damu. Tarehe 27 Februari 1978, huko Leshoma, karibu na Kazungula, wanajeshi wa Rhodesia waliwavizia askari wa Botswana wakawaua 15. Jeshi lenyewe halikuwa na mwaka mmoja. Daraja lilikuja kufunguliwa tarehe 10 Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na limepindwa makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Ukiliona kwenye picha utadhani mhandisi aliteleza kalamu.

Mwaka 1984 makaburu walimbana Samora Machel mpaka akasaini mkataba wa Nkomati, kwamba Msumbiji haitaisaidia ANC na wao hawatawasaidia waasi wa RENAMO. Wao hawakuutimiza. Simlaumu Samora, nchi yake ilikuwa inaungua. Baada ya hapo wakaigeukia Botswana: nanyi saini. Quett Masire, aliyeshika uongozi Seretse alipofariki Julai 1980, akasema Botswana haihitaji mkataba wa kuahidi jambo ambalo imelitenda tangu 1966, yaani kutoruhusu kambi. Hakusaini.

Tarehe 14 Juni 1985, usiku, makomando wa Afrika Kusini waliingia Gaborone. Waliua watu 12, mmoja mtoto wa miaka sita. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani kwa azimio namba 568. Tarehe 19 Mei 1986 walirudi tena, siku hiyo hiyo wakipiga Harare na Lusaka, wakati ujumbe wa Jumuiya ya Madola ulikuwa Afrika Kusini kutafuta mazungumzo. Botswana ilibana baada ya hapo. Wanachama wengine wa ANC walitakiwa waondoke waende mbali na mpaka, na kuna familia zilizohamishwa mara mbili, mara tatu. Hilo nalitaja kwa sababu msije mkaondoka hapa mkidhani nawapigia debe malaika. Lakini mkataba haukusainiwa, balozi hakwenda, na Bophuthatswana, ile nchi ya bandia iliyotangazwa 1977 kwa Watswana wenzao ng'ambo ya mpaka, haikutambuliwa hata siku moja, ingawa treni yao ilikuwa lazima ipite humo.

Mwalimu Nyerere aliielewa Botswana kuliko sisi wa vijiweni. Alipokuwa mwenyekiti wa Nchi za Mstari wa Mbele, zile nchi huru zilizokuwa zinaupinga utawala wa makaburu, Seretse aliketi meza moja na Kaunda wa Zambia, Machel wa Msumbiji na Neto wa Angola, hali akijulikana na wote kwamba unga wake unatoka kwa adui. Hakutakiwa afunge mpaka ndipo apewe kiti. Tanzania ina bahari, ina Bandari ya Dar es Salaam. Zambia ilipobanwa na Rhodesia tuliiwekea bomba la mafuta 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika 1975. Botswana hatukuweza kuifikia kwa reli. Tulichoweza ni kutoidai ishara za kishujaa ambazo gharama yake tusingeilipa sisi. Julai 1979 mkutano wa Arusha ulipanga ushirikiano wa kiuchumi wa kupunguza utegemezi kwa makaburu, na tarehe 1 Aprili 1980 Lusaka ikazaliwa SADCC, jumuiya ya ushirikiano huo, Seretse akiwa mwenyekiti wa kwanza, mgonjwa tayari. Makao yake yakawekwa Gaborone. Miezi mitatu na nusu baada ya mkutano huo wa Lusaka, Seretse akafa.

Mandela aliapishwa tarehe 10 Mei 1994. Mwezi Juni Botswana na Afrika Kusini zikafungua uhusiano wa kibalozi. Sharti lile lilikuwa limetimia lote, nyumba, posta na shule, na lilichukua karibu miaka 28 tangu bendera ipande Gaborone.

Sasa malori.

Simameni Kibaigwa usiku mtayaona, yamejipanga, maturubai yamefungwa, madereva wanakunywa chai. Mafuta, saruji, ngano, mbolea, yanatoka bandarini yanapita hapa, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Kigali na Bujumbura. Kwa watu wa huko, mwenye lango ni sisi. Tukifundisha habari za jirani mkubwa huwa tunajiweka upande wa mdogo, na mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi.

Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alichukua madaraka Burundi kwa mapinduzi. Siku sita baadaye, Arusha, nchi za ukanda huu, sisi tukiwemo, zikaweka vikwazo vya kiuchumi. Malori yalisimama. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa msuluhishi, aliamini kwamba bila shinikizo hilo hakuna atakayekaa mezani, na mauaji yalikuwa yanaendelea kijiji kwa kijiji. Nami niliunga mkono. Siwezi kusema leo kwamba sikuunga mkono. Lengo halikuwa kama la Pretoria kwa Lesotho hata kidogo, maana sisi tulitaka bunge lirudi na vyama viruhusiwe, wao walitaka wakimbizi waliokimbia ubaguzi. Lakini mkulima wa Gitega aliyekosa mbolea, na mama wa Bujumbura aliyekuta mafuta ya taa yamepanda bei, hakuulizwa kuhusu lengo. Misamaha ya vyakula na dawa ilipanuliwa baadaye. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo kabla ya kumaliza kazi, na aliyeichukua, mpaka mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, ni Mandela, yule yule aliyerushwa kwa ndege ndogo kutoka Lobatse hadi Kasane.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulifanya sawa. Naona tulikuwa na sababu, na naona pia kwamba hatukuwahi kukaa na Warundi wa kawaida, baada ya yote, tukawauliza ile miaka miwili na nusu waliilaje na waliivaaje. Nimeambiwa humu ndani kuna wanafunzi kutoka Burundi. Na kuna kijana pale nyuma, shati la bluu, tangu nitaje Bujumbura mkono wake uko juu na haujashuka. Nimezungumza juu ya nchi yako nikiwa upande wa mwenye lango, mwanangu. Mpeni kipaza sauti.